Fungu la Pembeni

Kwenye kituo cha utafiti wa mazao wanamwita Jicho, na sijawahi kusikia mtu pale akimwita vinginevyo. Ni shangazi yangu, dada wa baba, na tangu ujana wake kazi yake ni kuchambua karanga. Nisieleweke vibaya, simsimulii kama mtakatifu. Ni mbishi, ana mdomo, na ukiazima sufuria yake atakuja kuiulizia kabla haijapoa. Ila mwekee karanga mbele yake, hapo utamwona mtu mwingine. Ananyamaza, vidole vinaanza kwenda, na hata ukimsengenya hasikii.

Meza ya kuchambulia ni ndefu, imesogezwa karibu na madirisha ya ghala ili mwanga uingie. Wanawake hukaa pande mbili, kila mmoja na ungo wake. Karanga huja kwa magunia kutoka mashamba ya majaribio. Huku kwetu ni kukavu. Mvua ikikatika karanga zikiwa bado ardhini, maganda hupasuka na kuvu hupenya ndani, na wataalamu wa kituo wanatafuta mbegu itakayovumilia kiu. Kina shangazi kazi yao ni kutenga. Karanga nzima na safi zinawekwa katikati ya meza, hizo ni za maabara na za mbegu. Zilizosinyaa, zilizopasuka, zenye madoa na ukungu zinasukumwa ukingoni. Hilo ndilo wanaloliita fungu la pembeni.

Amri ya kituo ilikuwa kwamba fungu la pembeni lifukiwe shimoni. Lakini mtunza ghala, mzee ambaye huruma yake na uvivu wake vilikuwa sawasawa, aliona ni dhambi kufukia chakula wakati watu wana njaa. Mkono mtupu haulambwi, aliwaambia, na ikawa desturi: jioni kila mwanamke anaondoka na fungu alilolichambua mwenyewe. Hakuna kugombana, hakuna kuoneana wivu. Wakubwa wakipita wanakuta ghala limefagiwa na shimo lipo, wanaridhika. Mambo yakaenda hivyo miaka nenda miaka rudi.

Hapo ndipo ninapokasirika hadi leo. Mchambuaji mzembe alibeba nyumbani mchanganyiko, nzuri nyingi na mbovu kidogo, maana vidole vyake vilikosea kosea. Shangazi hakukosea. Hakuacha karanga nzuri hata moja ipotelee pembeni. Kadiri jicho lake lilivyokuwa kali, ndivyo fungu lake la nyumbani lilivyokuwa baya.

Akifika nyumbani aliziosha, akazianika, akazikaanga, akazitwanga. Unga wake aliutia kwenye uji na kwenye mboga za majani. Walaji walikuwa wawili: mumewe na mjukuu wake, binti wa mwanawe aliyekwenda mbali kutafuta kazi na kumwacha mtoto angali ananyonya. Yeye mwenyewe alikula mboga tupu. Alidai karanga zinamletea kiungulia. Namfahamu shangazi yangu, hana kiungulia wala nini, alikuwa anawaachia.

Mumewe tulimwita Pampu. Alikuwa fundi baiskeli, akifanyia kazi kwenye baraza ileile ninapoweka cherehani yangu, kwa hiyo nimeshinda naye zaidi kuliko nilivyoshinda na baba yangu. Alikuwa mtu wa utani. Mteja akilalamika kwamba tairi limetoboka tena, Pampu alimuuliza kama baiskeli yake imemwoa mwiba. Alipoanza kukonda mikono na mashavu huku tumbo likijaa, hilo nalo alilitania. Alijishika kiuno akaniambia, "Mwanangu, mwenzio nina mimba, na shangazi yako hataki kusema ni ya nani." Tulicheka mpaka mteja aliyekuwa anasubiri akadhani tunamcheka yeye.

Kisha macho yakawa ya njano. Hospitali daktari alimbonyeza chini ya mbavu za kulia, akampima, akamuuliza kama alikuwa mlevi. Pampu, ambaye hajawahi kuonja pombe, aliudhika kuliko alivyoudhishwa na ugonjwa wenyewe. Daktari akasema ini lina uvimbe mkubwa, umechelewa kuonekana, na akatupa dawa za kutuliza maumivu turudi nazo nyumbani. Shangazi hakukubali. Kwake yeye mgonjwa ni mtu aliyepungukiwa chakula, basi. Akaongeza karanga kwenye uji.

Msimu ule kituo kiliita watu kusikiliza matokeo ya utafiti. Walipanga mabenchi kwenye banda la matrekta, wakulima wakaja, wachambuaji wakakaa mbele, nami nikafunga cherehani nikaenda, maana shangazi alikuwa ameambiwa atasifiwa na hakutaka kusifiwa peke yake. Aliyezungumza alikuwa mtaalamu wa chakula, mwanamke kijana, mwenye maneno mepesi na anayewaheshimu wakubwa. Sina sababu ya kumsema vibaya. Alieleza kwamba kuvu lile linaacha sumu ndani ya karanga, wanaiita sumukuvu, na kwamba wamepima magunia kabla ya kuchambuliwa na baada yake. Baada ya kuchambuliwa, karanga safi zilikuwa salama kabisa. Sumu karibu yote ilikuwa imebaki kwenye lile fungu dogo la pembeni. Mashine za gharama zimeshindwa kazi hiyo, alisema, wameiweza hawa mama kwa vidole. Akamwomba Jicho asimame apigiwe makofi.

Shangazi akasimama. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wote.

Makofi yalipokwisha hakukaa. Aliuliza, kwa sauti ya kawaida tu, "Mwanangu, ukiikaanga hiyo sumu inatoka?"

"Haitoki, mama. Uikaange, uichemshe, uitwange, iko palepale. Ndiyo maana tunazifukia."

"Na ikimwingia mtu?"

Mtaalamu alijibu akiwa bado na furaha ya makofi. Akila kidogo kidogo kwa miaka, alisema, inakwenda kwenye ini. Watoto inawadumaza. Alikuwa ameshafungua mdomo kuendelea alipoliona benchi la mbele. Wanawake wote walikuwa wanatazama chini, hakuna aliyemtazama mwenzake. Mtunza ghala aliinuka akatoka nje bila kofia yake. Mtaalamu akaitazama ile kofia kwenye benchi, na nadhani hapo ndipo alipoelewa.

Alitufuata hadi getini akilia. Alisema hawakujua, waliamini zinafukiwa. Nilimjibu vibaya, nikamtajia ini la Pampu. Nilimwambia shimo lao limeota nyasi hadi kiunoni, na shimo linalofukiwa vitu kila wiki halioti nyasi, hata mtoto angeliona hilo. Akasema, na hili nalikubali ingawa sikulikubali siku ile, kwamba kwa mgonjwa mmoja hakuna awezaye kuapa ni nini kilichomletea ugonjwa. Ini lina maadui wengi. Shangazi alimwambia ahsante. Ile ahsante iliniuma kuliko yote niliyoyasikia pale.

Tukarudi nyumbani. Tulimkuta Pampu uani, ameegemea ukuta, miguu imevimba, mjukuu yuko karibu yake anachezea spoku. Shangazi akamtuma mtoto kwa jirani. Kisha akamweleza mumewe kila kitu akiwa amesimama, bila kupunguza wala kupaka mafuta, kama anayesomewa shtaka akakubali.

Pampu aliiokota spoku aliyoiacha mtoto. Halafu akasema, "Zilikuwa chungu."

"Ulijua?" Shangazi aliuliza.

"Kwamba ni chungu, nilijua. Kwamba ni sumu, hapana. Sasa mtu unatoka kazini mgongo umekufa, unatwanga, unanitilia mimi, wewe unakula majani matupu. Ningeanzia wapi kukwambia chakula chako kichungu?"

Shangazi alijikalisha chini, pale pale kwenye mchanga. Pampu akageuza uso ukutani. Nilidhani amechoka, kumbe alikuwa hajamaliza.

"Mtoto alikuwa anakataa," alisema. "Alikuwa anasema, babu, uji mchungu. Mimi ndiye niliyekuwa nikimbembeleza amalize, asimuudhi bibi yake."

Hakutania tena baada ya siku ile. Alikufa kabla ya mvua, akiwa mwepesi kiasi kwamba waliombeba hawakuhitaji kupokezana. Msibani nilimsikia mtu akinong'ona kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na kama si heshima ya marehemu ningemzaba kibao. Hakuna aliyempenda Pampu kuliko mwanamke yule. Mtunza ghala alikuja pia, akakaa mbali na watu. Shangazi alimpelekea maji ya kunywa kwa mkono wake mwenyewe, akasubiri ayanywe, akaondoka na kikombe.

Shimo sasa lina mfuniko na kufuli, na ufunguo anao mtaalamu. Fungu la pembeni humwagiwa mafuta ya taa, halafu ndipo linafukiwa. Shangazi amerudi mezani. Watu walishangaa, wengine wakamwona hana haya. Nilipomuuliza alisema asipochambua yeye atachambua mzembe, na mzembe atamlisha mtu sumu.

Mjukuu yuko darasa la pili, na wageni bado wanauliza ataanza shule lini. Kila asubuhi, kabla hajavaa viatu, bibi yake anamwita mlangoni, panapoingia jua. Anamshika kidevu, anamvuta kope la chini, anatazama. Jicho moja, kisha la pili. Anatazama muda mrefu. "Meupe," anasema, na kumwachia aende shule.

Mtoto amezoea, husimama wima bila kupepesa. Hakuna aliyemweleza kinachotafutwa. Juzi alikuja barazani kwangu akaniuliza, nami nikamwambia ni kwa sababu bibi yake anampenda sana.

"Hilo najua," alisema. "Lakini mbona akinishika anatetemeka?"