Fremu ya Bi Kijakazi

Kijijini kwetu Utende, mtu akitaka kuoza binti, anaita watu watatu kabla ya wengine: shehe, mpishi wa pilau, na Biubwa binti Hemedi. Shehe akiwa na udhuru, Kilindoni wapo wengine. Biubwa akiwa na udhuru, harusi ya ndani ndiyo haina picha tena, maana chumbani kwa bi harusi mwanamume hatii mguu, hata awe na kamera ya dhahabu. Humo wanawake wamevua mabaibui, mabega wazi, vichwani wamechomeka asumini, hina bado mbichi. Anayeingia na kamera ni Biubwa peke yake. Akimaliza anachomoa kadi ya picha na kumkabidhi somo, yaani kungwi wa bi harusi, mkononi, mbele ya watu wote. Hajawahi kuvujisha hata ukucha wa mtu. Miaka tisa sasa, msimu wa harusi ukiingia, hana nafasi hata ya kufua.

Kamera yake ilikuwa ya kisasa, zile zisizo na kioo ndani, nyepesi, ilikaa mkobani pamoja na chanuo na kanga ya akiba. Wateja waliisifu. Yeye mwenyewe alikuwa na ugomvi nayo. Sensa yake ilikuwa ndogo. Sensa ni kile kibao kinachong'aa nyuma ya lenzi, ndicho kinachoipokea picha. Kikiwa kidogo, lenzi inakuletea sinia zima la pilau, wewe unachota katikati tu, kandokando kote kunabaki.

Na vyumba vya kwetu si mnavijua! Kitanda, kabati, mkeka, na wanawake kumi na wanne kila mmoja ana la kusema. Biubwa anabandika mgongo ukutani mpaka chokaa inamganda kwenye baibui, na bado watu hawaenei. Anayekatwa ni nani? Ni mama wa bi harusi, kwa sababu ndiye anayejisogeza pembeni. Bi harusi hawezi kukatwa, somo ana maneno makali, mashangazi hawasogei ng'o. Mama anasema, "Hapa pananitosha," na papo hapo ametoka nje ya picha.

Ndivyo alivyomkata mama yake mwenyewe.

Ilikuwa harusi ya mdogo wake, Umi, nyumbani kwao, chumba cha mama yao. Bi Kijakazi alikuwa mtu wa kukimbia picha. Ukimwelekezea kamera anajifunika kanga anacheka, "Miye picha ya nini na uzee huu? Mpige mwanangu." Sura yake ilikuwa imenaswa mara moja tu maishani, kwenye kadi ya mpiga kura, na hapo amekodoa macho kama mtu aliyeshikwa na kuku wa jirani. Siku ya Umi aliketi mwisho wa mkeka, upande wa kushoto, na picha ilipotoka alikuwamo mkono tu: kuanzia kiwiko hadi vidole, bangili mbili, umewekwa juu ya goti la Umi. Uso haumo.

Biubwa alinuna wiki nzima. Mama yake akimenya mihogo uani, yeye akawa analalama. "Ningekuwa na fulu fremu, Mama, ungetokea wote! Wote kabisa!"

"Hiyo fulu fremu ndiyo nini?"

"Ndiyo ile kubwa, Mama."

"Kubwa?"

"Kubwa. Inatosha watu wote."

"Haya," akasema Bi Kijakazi, akaendelea na mihogo yake.

Masika ya mwaka uliofuata homa ilimshika, na siku ya tatu wakamzika. Biubwa alikuwa amemwahidi kumpiga picha siku ya Idi, apende asipende, na Idi ilikuwa imebaki siku kumi na moja. Jamani, siku kumi na moja! Tangu hapo, akiwa peke yake, huifungua ile picha kwenye simu. Anaukuza ule mkono kwa vidole viwili, kisha anaisukuma picha kuelekea kulia, taratibu, kana kwamba upande wa kushoto itaendelea. Haiendelei. Inamrudisha kwenye bangili. Wallahi amefanya hivyo mara zisizo na idadi, na kila mara moyo wake unataraji.

Sasa, katika shule ya pale alikuwapo mwalimu mmoja, Laurencia, mtu wa Bukoba, anayependa kupiga picha ndege kuliko watoto aliokuwa akiwafundisha, mwenyewe anakubali. Mwaka huu alipata uhamisho kwenda Ukerewe. Jumapili moja alikuja kwa Biubwa na kamera yake shingoni, kubwa, nzito, nayo haina kioo ndani, ila sensa yake kamili. Fulu fremu yenyewe.

"Dada Biubwa, mimi hili jiwe limenivunja shingo," akasema. "Na ndege wangu linanionyesha wadogo kama punje za mchele. Yako ingenifaa. Tubadilishane."

Biubwa alidhani anataniwa. "Mwalimu, usinichezee."

"Sikuchezei. Kampuni ni moja, na hiyo lenzi yako tangu zamani ni ya kamera kubwa, umeivalisha mwili mdogo tu. Kaa nazo zote mbili mpaka Ijumaa, uzilinganishe. Ijumaa uniletee moja. Utakayoniletea ndiyo nitakayoondoka nayo Jumamosi, na hapo hakuna kurudishiana tena."

Mwingine angejibu papo hapo. Lakini ile ndogo ndiyo iliyoupiga mkono wa mama yake, na Biubwa akaona ulimi mzito. Akasema, "Basi, Ijumaa."

Jumatatu alivuka kwenda kisiwani Chole kwa mashua ya abiria, akawapiga popo walioning'inia juu ya miti mchana kweupe. Kwa lenzi ileile, amesimama palepale, ile ndogo iliwaleta popo karibu, hata masikio yao ukayaona. Ile kubwa ikaleta mti mzima na mbingu, na popo madoadoa. Hapo ndogo ikashinda, na Biubwa akafurahi, akajishangaa kwa nini amefurahi. Jumanne alizijaribu jikoni kwake, dirisha limefungwa. Ndogo ikajaza chenga kwenye kivuli kama televisheni ya zamani, kubwa ikatoa weusi laini, na sufuria ikaonekana mpaka alama za kusuguliwa mchanga. Hapo kubwa ikashinda. Mabegani je? Ndogo. Betri? Ndogo. Uso wa mtu uchomoze, nyuma yake kufifie? Kubwa, bila ubishi. Akili yake ilikuwa imeshachagua, moyo ndio uliokuwa unavuta kamba.

Jumatano asubuhi pikipiki ikasimama mlangoni. Akashuka mzee Kombo, fundi seremala wa Baleni, amekumbatia kitu kipana kilichozongwa kwenye gunia.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Poleni tena na msiba. Nimeileta. Najua nimechelewa."

Nimechelewa! Kombo yule akimwambia mtu njoo Jumamosi, huwa hasemi Jumamosi ya mwaka gani. Akafungua gunia. Ilikuwa fremu ya picha, ya mti wa mfenesi, ya manjano, imepigwa msasa mpaka inateleza, kubwa kama mlango wa kabati. Ndani yake hapana kitu.

"Nani aliyeagiza?" Biubwa akauliza, na sauti yake tayari ilikuwa imebadilika.

"Mama yako. Alikuja mwenyewe Baleni, ile siku alipokuja kuangalia minazi yake. Akaniambia, 'Kombo, binti yangu kila siku ananililia anataka fremu. Na si fremu hizi za dukani, anataka fulu. Kubwa, ya kutosha watu wote.' Nikamuuliza vipimo. Akalaza mkono wake juu ya meza yangu, kiwiko hadi ncha za vidole, akasema, dhiraa moja kwa dhiraa moja na shubiri. Nikapima hapohapo kwa mkono wake, alama ya penseli hiyo, igeuze uione. Mti mzuri ulinichelewesha, kisha nikasikia amefariki, nikaona haya kuja." Akajipangusa jasho. "Nilikosea?"

"Hukukosea, fundi," Biubwa akasema. "Ndiyo hiyo hiyo."

Alimpa maji, akamuaga vizuri, akafunga mlango, ndipo akalia. Alilia huku anacheka, maana amemsumbua mama mtu kwa maneno ya kamera, na mama mtu akachukua safari mpaka Baleni kumtafutia mbao. Akaigeuza ile fremu, akaulaza mkono wake kwenye alama ya penseli, kiwiko mwanzo. Vidole vyake havikufika. Vilipungua upana wa vidole viwili. Alikuwa amesahau kwamba mama yake alikuwa na mikono mirefu.

Alhamisi akaingia chumba kile cha mama yake. Mkeka ulikuwa uleule, kitanda kilekile. Akabandika mgongo ukutani, mahali palepale aliposimama siku ya Umi, akaanza na ndogo. Akapiga. Akaivalisha lenzi kamera kubwa, akapiga tena bila kuhama hata unyayo. Kisha akaketi sakafuni, akaziweka kamera mbili mapajani, akazitazama picha kwa zamu.

Kwenye ile kubwa chumba kilitoka chote. Kabati, dirisha, mkeka mwanzo hadi mwisho, na pale mwisho, upande wa kushoto, mahali pa Bi Kijakazi, hapana mtu. Mkeka mtupu, umekatika ncha kidogo. Picha safi, haina chenga hata moja.

Kwenye ile ndogo mkeka ulikatwa kabla ya mwisho, kama siku ile. Na kwa kuwa umekatwa, Biubwa hakuona kwamba hapana mtu. Mama yake angeweza kuwa ameketi pale pale, pembeni kidogo tu ya picha, anacheka ndani ya kanga. Humu mama hajafa. Humu hajaingia tu.

Alikaa na ile ndogo mkononi mpaka adhuhuri ikaadhiniwa. Angeweza kubaki nayo maisha yake yote, na kila chumba atakachopiga kingekuwa na mtu pembeni asiyeonekana, na yeye angejidanganya anavyotaka. Lakini mtu huyo asiyeonekana, kwenye vyumba vingine vyote, alikuwa mama wa mtu, mzima, yupo, na binti yake akitaka kumwona kesho ataukuta mkono. Isitoshe, Bi Kijakazi aliambiwa kubwa, akaenda kutafuta kubwa. Hakuuliza mara mbili.

Ijumaa, baada ya swala, alimpelekea mwalimu ile ndogo ndani ya mkoba wake wa kitenge. Alimwachia na mkoba. Laurencia akashukuru sana, akampiga nayo kunguru picha hapohapo uani, na Biubwa akaaga haraka kwa sababu hakutaka kuusikia tena mlio wa kamera ile.

Picha ya Umi aliisafisha kubwa Dar es Salaam, ikaenea fremu ya mfenesi sawasawa. Ule mkono ukatoka wazi, vidole na bangili zote mbili. Ameitundika chumbani, juu ya mwisho wa mkeka.

Mwezi uliofuata aliitwa harusi ya Chiku, Baleni. Chumba kidogo, wanawake kumi na saba, moshi wa udi. Biubwa akabandika mgongo ukutani, jiwe limemkaa shingoni, akainua kamera. Kwenye ukingo wa picha mama wa bi harusi, Bi Amina, alikuwa ameshaanza kujivuta, kanga mdomoni.

"Miye nitoke, nitakuharibia picha. Mpige mwanangu."

"Kaa hapo hapo, Bi Amina. Hii ni fulu fremu."

"Fulu fremu ndiyo nini?"

Biubwa akajifanya anafuta lenzi kwa ncha ya mtandio.

"Ndiyo ile kubwa, Mama," akasema. "Inatosha watu wote."

"Haya," akasema Bi Amina, akakaa.