Tembe iliyopondwa Kaloleni, na shemeji yangu akaitwa muuaji

Wakuu, salamu kutoka Kisumu. Hii si stori ya kuchangamsha mtu. Nilikuwepo, niliona, na nitaiandika vile ilikuwa, bila kuongeza chumvi.

Ni miaka ya tisini mwanzoni. Nilikuwa nimemaliza form four na naishi Kaloleni kwa kaka yangu Ouma, fundi wa umeme, mke wake Akoth, na watoto wao.

Mama yetu alikuwa nyumbani Nyakach, karibu na Katito. Alikuwa na pumu ya miaka mingi. Ilipozidi, Ouma akamleta mjini tumtunze.

Niseme kitu kuhusu Akoth. Mama alimpenda kuliko sisi aliotuzaa. Mimi nikimkanda mgongo alilalamika, Akoth akimkanda analala. Wanaojua mambo ya mama mkwe na mke wa mwana watanielewa: hiyo si kawaida.

Pale mtaani kulikuwa na klinik ya jamaa mmoja ambaye kila mtu alimwita Daktari. Alisomea nini, hadi leo sijui. Alikuwa na koti jeupe na maneno mengi.

Tulimpeleka Mama pale, mimi na Akoth. Akampa tembe mpya za kifua, kubwa kubwa, moja asubuhi na moja jioni. Akasema ni dawa kali, ya kisasa.

Shida ni kwamba Mama hakuweza kumeza tembe kubwa. Siku zote zilimkwama kooni, anakohoa mpaka machozi. Akoth akamwambia Daktari hivyo, kwa heshima, akiwa amesimama.

Yule jamaa akajibu akiwa anaita mgonjwa mwingine: "Twanga tu, weka kwa uji. Si tumboni itaenda kuvunjika?"

Nilisikia kwa masikio yangu. Nilikuwa nimeshika mkoba wa Mama.

Basi kesho yake asubuhi Akoth akaponda tembe kwa kijiko, akakoroga kwa uji, Mama akanywa yote na kumshukuru. Kabla ya saa sita mikono ikaanza kumtetemeka. Akasema moyo unakimbia. Akatapika.

Tulidhani ni ugonjwa. Tena kifua kilikuwa kimefunguka kidogo, kwa hivyo tuliona dawa inafanya kazi. Jioni akapewa ya pili, vile vile.

Asubuhi iliyofuata akaanguka kwa degedege kama mtoto, na yeye mtu mzima. Ouma akatafuta gari, tukamkimbiza hospitali kubwa. Akafia wodini kabla jua halijatua.

Daktari wa wodi alikuwa mama mmoja mpole. Alituuliza Mama alikuwa anatumia nini na anatumiaje. Akoth akamwonyesha tembe zilizobaki, akamwambia kila kitu, hakuficha. Yule daktari akatueleza.

"Tembe hii imetengenezwa iachie dawa pole pole, mchana kutwa. Ukiiponda, dawa ya siku nzima inaingia kwa damu mara moja. Hukuambiwa?"

Akoth akaketi sakafuni palepale.

Wakuu, wengi wetu tunadhani tembe ni unga tu uliogandishwa. Si hivyo. Kuna ya kutafuna, kuna ya kuweka chini ya ulimi. Kuna iliyofunikwa ili isichome tumbo, na kuna kama hiyo ya Mama, ambayo vile ilivyoundwa ndiyo inapima dawa. Ukivunja umbo lake umevunja kipimo. Hata ile yenye mstari katikati, mstari ni wa kuikata nusu, si ruhusa ya kuponda.

Nilirudi kwa ile klinik kabla ya mazishi. Jamaa alinisikiliza mpaka mwisho, akasema yeye alisema Mama anywe dawa na uji, hiyo ya kuponda ni yetu wenyewe. Akanipa pole. Akafunga mlango.

Tukazika Nyakach. Baada ya mazishi, baba mdogo wetu, ambaye ndiye alikuwa mkubwa wa boma, akaita kikao. Maneno yalikuwa yameshaanza kwamba Akoth alimwekea mama mkwe kitu kwa uji.

Nikaona mimi ndiye wa kumwokoa. Nikasimama, nikaeleza vile daktari wa hospitali alisema, tembe inavyotengenezwa, kwa nini haipondwi. Nilieleza vizuri, niliona watu wanaelewa.

Baba mdogo akaniuliza, "Kwa hivyo ni kuponda ndiko kulimuua?"

Nikasema ndiyo, lakini mwenye klinik ndiye aliyeagiza.

"Na wewe ulimwona huyu akiponda?"

"Nilimwona, Baba, lakini—"

"Inatosha. Keti."

Ukweli niliouleta kumtetea ndio waliomfunga nao. Nikamwangalia Ouma. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Mtu aliyekula kwa mkono wa yule mwanamke miaka yote hakusimama kumtetea.

Akoth hakulia mbele yao. Kikao kikaamua arudi kwao. Aliondoka bila watoto, walikatazwa kumfuata. Alipitia Kisumu kuchukua nguo zake, nikamsindikiza mpaka Luanda Kotieno, akapanda feri kuvuka ziwa kwenda Mbita kwa wazazi wake.

Ouma alioa mwingine. Ile klinik iliongezwa vyumba.

Miaka ilipita kabla sijapata ujasiri wa kwenda Mbita. Nilimkuta nje akianika omena, wale dagaa wa ziwani, amekonda, akanikaribisha ndani vizuri kabisa. Mama yake alikuwa mgonjwa ndani, na saa ya dawa ilikuwa imefika. Akoth akatoka nje, akamwita jirani. Yule jirani akaingia, akachukua tembe mezani, akampa mgonjwa na maji, akaenda zake. Ilionekana ni kawaida yao.

Nikamwuliza mbona asimpe mwenyewe.

Akasema, "Mimi siwapi watu dawa."

Akarudi kwa omena zake.

Wakuu, ukipewa tembe na huwezi kumeza, usiondoke pale. Uliza kama inapondwa, uliza kama iko ya maji. Akikujibu bila kukuangalia, tafuta mwingine umwulize.

Mlio kwenye mambo ya madawa, nikosoeni nilipoteleza. Na kama kwenu kuna mwanamke aliyebebeshwa kifo kisicho chake, andika hapa. Nitasoma yote.