Mlenda kwenye Ndoo

Mama alikuwa akisema siku nitakayovuka kizingiti kabla ya saa nne, mvua ya mawe itanyesha mpaka Kivinje. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimerudi kijijini kwetu upande wa Kiranjeranje, na kazi yangu kubwa ilikuwa kukaa barazani na fulana ya mtumba yenye maandishi ya Kizungu. Kijiji kizima ni mimi tu niliyeweza kuyasoma. Kuyaelewa ni jambo jingine.

Kwa hiyo ulipokuja mradi na tamasha lake la kutunza maji, nani apewe kipaza sauti? Msomi. Siku hizo serikali ilikuwa imeshatuambia tujitegemee, na aliyetaka maji ya karibu alimsubiri mfadhili. Mfadhili alileta tangi kubwa jeusi la plastiki, likakalishwa katikati ya uwanja kama bibi harusi. Shule tatu zingeshindana: msichana mmoja mmoja abebe ndoo kutoka kisimani, na ndoo itakayofika na maji mengi ndiyo ichukue tangi.

Shule yetu ilimtoa binti wa darasa la saba, mtani wangu. Kwao na kwetu tunataniana tangu enzi za mababu, na mtani hanuniwi hata akikutania msibani. Kila alfajiri yeye na wenzake waliwachotea walimu maji, na alipoingia darasani kipindi cha hesabu kilikuwa kimekwisha. Mtihani wa mwisho ulikuwa karibu.

"Mtani, tangi likija na mimi nitaisikia hiyo hesabu," aliniambia asubuhi ile, akisokota kipande cha kanga cha kuwekea ndoo kichwani.

"Uisikie iingie wapi? Kichwa chenyewe ndoo imeshakibonyeza!"

Akacheka. Ilibidi acheke.

Wasichana wa shule nyingine walikuja wameshika ndoo kwa mikono miwili, maji yakiwamwagikia mabegani. Wetu aliiachia ndoo mikono yote miwili, shingo wima, tone halianguki. Alikuwa amefanya kama afanyavyo kila mwanamke wa kwetu: kavunja kitawi cha majani, kakilaza juu ya maji yasiyumbe. Mama yangu hufanya hivyo. Nimeyanywa maji hayo maisha yangu yote.

Lakini ulimi ukipewa kipaza sauti ni mbwa aliyefunguliwa kamba.

"Jamani! Mtani wangu tumemtuma maji, katuletea mlenda! Nani ana ugali?"

Uwanja ukaangua kicheko. Mgeni rasmi naye akacheka bila kujua anacheka nini, kisha akamwinamia mwalimu mkuu kuuliza. Mwalimu mkuu akamfafanulia: ndani ya ndoo mna majani. Mgeni akaacha kucheka. Akainuka, akachungulia, akakitoa kile kitawi kwa vidole viwili kama mtu anayetoa panya aliyekufa, akawaonyesha watu. Karatasi ya masharti, niliyoinakili mwenyewe kwa mwandiko wangu mzuri, ilisema maji yenye uchafu hayapimwi.

Kipaza sauti nilikuwa nacho bado. Ningeweza kusema neno.

"Mlenda umetolewa mashindanoni!" nikasema. Wakacheka kuliko mwanzo.

Tangi likaenda kwa shule ya barabarani, ambayo bomba inalo. Mtani wangu alisimama na ndoo yake miguuni, akinitabasamia, maana mtani hanuni. Kipande cha kanga tu ndicho alichokuwa akikisokota na kukisokotoa.

Mwalimu mkuu akampitia. "Umetuaibisha mbele ya wageni. Haya, hayo peleka nyumbani kwangu, kisha urudi kisimani. Wageni wanataka kuoga."

"Ndiyo, mwalimu."

Mimi nilipewa soda. Walisema nimechangamsha sana. Nilikuwa nimeifikisha nusu aliponigeukia. Ndoo iliyojaa hainyanyuki peke yake.

"Mtani, nitwike."

Nikaweka soda chini, nikamtwika.