Asali Isiyo na Nyuki

Nakumbuka mchana mmoja wa mazishi, hapa hapa Deira, Dubai. Jeneza lilikuwa mbali, ng'ambo ya bahari, na mimi nilikuwa jikoni nikipika kama mtu anayefukuzwa. Mwanangu, umekuja kwangu unahema, umepanda ngazi mbio, unataka nikufundishe kuku wa asali ya mti umpelekee mwenzako mnayelala naye chumba kimoja, kwa sababu tangu apate habari za msiba wa mama yake hagusi chakula. Nitakufundisha. Kuku yuko kwenye friji na chupa ile pale dirishani. Lakini kaa kwanza. Kaa, nimesema, hicho kiti hakiumi mtu.

Wakati huo nilikuwa na nguvu za kuhamisha kabati peke yangu, na sikuzitumia vizuri. Nilikuwa mpishi wa madam mmoja Mkanada kule Jumeirah Village Circle. Ndiye aliyenionyesha sirapu ya mepo. Kwao kuna mti unaotobolewa shina, maji yake yanakingwa, yanachemshwa muda mrefu mpaka yawe mazito na rangi ya chai kavu. Mimi ni mtoto wa Bungoma, kwetu mti ni kuni na kivuli. Nilipoonja mara ya kwanza nilicheka mbele ya madam, naye akacheka. Alipohama na familia yake aliniachia katoni nzima ya zile chupa, nikazibeba hadi Deira, kwenye nyumba tuliyokuwa tukiishi wanawake watupu, vitanda vya juu na vya chini, jiko moja kwa wote. Wenzangu ndio walioiita asali ya mti.

Nilikuwa nikiitia kila mahali. Chapati za maji asubuhi, ukizimwagia ikiwa ya moto, utasahau jam. Viazi vitamu unavipaka siagi na chumvi kidogo, unavichoma, kisha unavinyunyizia vikiwa karibu kuiva. Karoti, hata maharagwe, ukiweka na nyanya na pilipili. Siri yake ni kwamba ikikaa peke yake inapiga kelele. Ukiipa chumvi, ndimu na kitunguu saumu inanyamaza na kukaa na wenzake.

Basi chini ya kitanda changu alikuwa analala Mwikali, Mkamba wa Kitui, mlinzi kwenye jengo moja la maduka. Msichana mpole, kazi yake kusimama mlangoni siku nzima akiwaambia watu karibu. Mama yake alifariki ghafla. Arbab wake, yaani mwajiri, alikataa kumpa ruhusa ya kusafiri, akamwambia mkataba bado mpya. Mwikali hakubishana. Aliacha tu kula. Alikwenda zamu, akarudi, akajilaza akiangalia mbao za kitanda changu. Siku moja alianguka kazini, na msimamizi akamwambia wazi kwamba akianguka tena atarudishwa kwao kwa ndege ya kwanza. Nyumbani alikuwa ameacha wadogo zake ambao sasa walikuwa wamebaki na yeye tu. Ukiniuliza niliogopa nini, ni hicho. Niliogopa kumwona akifungasha.

Nikaingia jikoni, mwanangu. Nikampikia chapati za maji, akasema, "Weka tu hapo, Salo, nitakula baadaye." Nikampikia viazi, akageukia ukuta. Nikampikia maharagwe, nikampikia karoti, nikamtengenezea hata uji nikautia ile asali. Sahani zilienda zimejaa, zikarudi zimejaa. Mara moja aliniambia, "Si ukae kidogo?" Nikamjibu, "Nakuja, wacha nigeuze viazi." Sikurudi mpaka viazi vilipoiva, na nilirudi na sahani.

Ngoja kidogo nizime birika. Unaona? Mpaka leo miguu yangu haitulii.

Mkubwa wetu pale nyumbani alikuwa Bi Zuwena, mama wa Kizanzibari aliyekuja Dubai kabla wengi wetu hatujazaliwa. Alikuwa mtu wa maneno machache na kanga safi. Siku ya mazishi alinikuta jikoni nimeshika kikaango. Kuku ameshaiva, nimemmiminia asali ya mti, inaanza kutoa povu, mimi natazama kama nimeona wokovu. Chumbani Mwikali alikuwa anangoja simu ya mdogo wake wa kiume, ambaye angemsikilizisha mazishi.

"We Salome, mwana we," Bi Zuwena akasema, "wamkimbia nani?"

"Simkimbii mtu, Bi Zuwena. Nataka ale."

"Mamake alikuwa akiitwa nani?"

Nikageuza kuku. Nilikuwa nalala juu ya kichwa cha yule msichana, najua anakoroma vipi, najua anapaka mafuta gani, na jina la mama yake sikulijua. Nilijua tu "mama ya Mwikali".

"Basi," akasema Bi Zuwena. "Wampikia mtu usiyemjua msiba wake. Toka hapo jikoni, ukakae naye kitako. Khalas."

Yalinichoma, sitakuficha. Nilitaka kumjibu kwamba yeye alikuwa ameketi sebuleni na tasbihi yake huku mimi nikitoka jasho. Lakini simu ililia chumbani, nikasikia Mwikali akiita, "Salo, ni wao," kwa sauti nyembamba mno, nikaenda. Kikaango nilikiacha motoni.

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda chake. Simu ilikuwa katikati yetu juu ya shuka. Upepo wa Kitui ulikuwa unavuma ndani yake, watu wanaimba kwa Kikamba, mchungaji anasema maneno ninayoelewa nusu. Bi Zuwena aliingia akakaa sakafuni, akawa anaomba dua zake polepole. Kisha wimbo ukaisha na udongo ukaanza kuanguka. Mwanangu, udongo unasikika kwenye simu. Sikuwa najua.

Hapo ndipo harufu ya kuku kuungua ilipofika. Ile asali ni sukari, haina subira. Nilinyanyuka nusu, na Mwikali, bila kunitazama, akashika upindo wa gauni langu. Nikakaa tena. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama kile kikao. Moshi ulikuwa unaingia chini ya mlango, machozi yananitoka kwa msiba na kwa kuku pamoja. Bi Zuwena ndiye aliyeinuka kwenda kuzima jiko, akarudi akakaa palepale.

Simu ikakatika. Nikamuuliza Mwikali, "Mama aliitwa nani?"

"Kalondu," akasema. Kisha, kama mtu aliyefunguliwa mlango, akaanza kusema. Baba yake alikuwa na mizinga ya magogo kwenye migunga nyuma ya nyumba. Alipokufa, watu walisema mizinga iuzwe kwa sababu mwanamke hapandi mti kurina. Kalondu akapanda. Akajifunga shuka kichwani, akawasha moshi, akapanda, na majirani waliokuja kucheka wakaondoka na vikombe vya asali. Alikuwa akirudi nyumbani gauni linanuka moshi na utamu, na watoto wanajua kwamba mama ameingia hata kabla hawajamwona.

"Sasa wewe, Salo," akaniambia, "kila saa hiyo harufu yako inatoka huko jikoni. Inakaribia ya mama kabisa. Nikiisikia nadhani ameingia. Nikigeuka naona ni wewe na sahani."

Nilihisi vibaya mpaka nikataka kuingia chini ya kitanda. Nikamwambia, "Nitazimwaga zote. Chupa zote, leo hii."

"Usimwage. Lete nionje."

Nikamletea chupa na kijiko. Alionja polepole, akaangalia juu, akaonja tena. "Hii si asali," akasema. Akafikiri kidogo. "Mama angekuuliza nyuki wako wako wapi."

Bi Zuwena ndiye aliyeanza kucheka, na mimi nikafuata, na Mwikali akacheka mpaka kicheko kikageuka kilio, kile kilio ambacho alikuwa hajakilia tangu habari zifike. Tulimwacha alie. Alipomaliza akajifuta uso kwa shuka na kuvuta ile sahani ya viazi niliyomletea asubuhi, vimepoa, siagi imeganda juu. Akala kimoja. Akala kingine. Sikumwambia ongeza, sikumwambia ngoja nikupashie, ingawa mikono iliniwasha. Nilikaa tu. Kesho yake alikwenda zamu, akasimama mlangoni pake mpaka jioni, na hakuna aliyemrudisha kwao.

Haya, kuku. Mtie ndimu, chumvi, tangawizi, saumu na pilipili, umwache akolee. Mkaange kwanza aive kabisa, na asali ya mti uimimine mwishoni kabisa, moto mdogo, na usiondoke hapo. Lakini hayo ni ya baadaye. Sikukatazi kupika, mwanangu, mimi mwenyewe naona upendo wangu wote umekaa mikononi. Nakwambia mikono isikukimbize. Mtu mwenye msiba anataka chakula, na kabla ya chakula anataka mtu atakayekaa asikie yule aliyekufa alikuwa nani. Ukiogopa machozi yake utapika mpaka gesi iishe, na yeye atabaki peke yake na sahani zako.

Sasa niambie. Mama wa mwenzako aliitwa nani?

Unaona unavyotazama chini.

Nenda, basi. Usibebe kitu. Kuku atakaa kwenye friji mpaka urudi, nami nitakuwa hapa. Mungu akupe matako mazito mbele ya wanaolia na mikono myepesi mbele ya wenye njaa, na siku ukiwa wewe ndiye unayetazama mbao za kitanda, akuletee mtu atakayekuuliza jina.