Tela la Marehemu Kaka Yangu Linarudi Kamuli Jumamosi

Admin, nifiche tafadhali, mume wangu na ndugu zake wanausoma ukurasa huu. Mimi ni mama wa miaka thelathini na minne, mjamzito. Nimeolewa Kihanga, Karagwe, kwetu ni Kamuli, kule Kyerwa.

Mwaka jana kaka yangu alikuwa anapeleka ndizi kwenye harusi ya binamu yetu, amefunga tela nyuma ya pikapu yake. Leseni yake ilikuwa ya gari dogo, haikumruhusu kuvuta tela zito namna ile. Lakini huku kwetu nani anauliza? Tunasema leseni kubwa ni ya madereva wa malori wanaolipwa. Mzigo wa shughuli ya ukoo ni wa nyumbani. Alipinduka akishuka mlima wa kuingia Kamuli. Nilimkuta hospitali bado anaongea. Akaniambia, "Dada, nimekanyaga breki, tela likanisukuma." Hakuiona asubuhi. Watu wakasema ni mkono wa mtu. Mkono wa nani? Mlima ule, tela lile, na dereva ambaye hakuna aliyemfundisha kulishusha.

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea, kwa hiyo tela lililetwa kwetu alitengeneze. Amelinyoosha, amelipaka rangi ya bluu, likasimama nyuma ya jiko. Upepo ukivuma mnyororo wake unagonga chuma, nami naacha ninachofanya. Sufuria imeshaniungulia mara nyingi.

Sasa Jumamosi hii tunamaliza matanga. Kwetu mkwe akija na mikungu michache anasemwa mpaka kisimani. Mama mwenyewe amepiga simu: "Mwanangu, hilo tela lije limejaa, kama alivyokuwa akilileta yeye."

Nilimwambia mume wangu, "Baba Koku, leseni yako nayo ni ya gari dogo. Kajifunze kwanza, au tukodi lori na dereva wake."

Akacheka. "Mama Koku, kwani naenda kazini? Nani ananilipa? Naenda ukweni. Nikikodi lori watasema mkwe gani huyu."

Kaka naye alikuwa akisema hivyo hivyo, hakuna anayemlipa.

Nikampigia mama, nikamweleza. Alilia. "Unanizuia hata kitu chake kisirudi nyumbani?" Nikamwambia "shikamoo mama" mara ya pili, nikakata.

Jana tela lilifungwa nyuma ya gari letu, rubisi, ile pombe ya ndizi, imeshapakiwa, leo wanakata ndizi. Mume wangu ni mtu mwema, jamani, si mkaidi. Ameniwekea mto kwenye kiti cha mbele, akaniambia, "Koku atabaki kwa jirani, wewe na huyo wa tumboni mtakaa hapa kwa raha." Akizaliwa wa kiume tumekubaliana apewe jina la kaka.

Nikipanda, tunashuka mlima ule wote watatu. Nikikataa, atashuka peke yake, na mimi nitabaki hapa nimeshika simu, nikiomba isiite. Nishaurini ndugu zangu, huyu mume nimzuieje kabla ya Jumamosi?