Chai Nyeusi ya Bi Mwanakheri

Kwa miaka ishirini na saba kisima cha Bi Mwanakheri hakikujua kufuli. Marehemu mumewe alikichimba nyuma ya nyumba yao, katika kitongoji cha Kwa Mgunda nje kidogo ya Mikumi, na siku maji yalipotoka alitamka mbele ya majirani kwamba ni sadaka: ateke anayetaka. Mjane huyo hakurithi shamba la maana. Alirithi jina la mwenye kisima, na ndilo lililomfanya asalimiwe na kitongoji kizima.

Kisha ikazaliwa kamati ya usafi. Wajumbe wake walikuwa na macho makali ajabu: waliliona dampo la kando ya barabara, mahali ambapo watalii waendao mbugani nao wangeliona. Aibu iliyoje! Takataka zikahamishiwa kwenye shimo lililoachwa la kuchimbia moramu ya barabara, mteremkoni, hatua mia moja juu ya nyumba ya Bi Mwanakheri. Shimo lilikuwa refu, halionekani barabarani, tena limeshachimbwa. Nani angetaka zaidi? Pampasi, betri na matumbo ya kuku vikashushwa humo, na mji ukawa safi. Masika mbili zikanyesha juu ya usafi huo, zikapenya katikati yake, zikazama ardhini na kufuata mteremko, hadi kisimani.

Ya kwanza kulalamika ilikuwa chai. Majani yalikuwa yale yale, lakini sufuriani kulitoka kitu cheusi kama wino. Maji yalichotwa yakiwa meupe, yakilala ndooni yakaamka na utando wa rangi ya kutu. Sabuni ikagoma kutoa povu.

"Chemsha tu, bi mkubwa," jirani yake Agatha, mama wa mapacha, alimtuliza. "Mie nachemsha mara mbili."

Mara mbili! Kuchemsha huua vijidudu, betri haifi.

Bi Mwanakheri akapeleka malalamiko, na baada ya miezi mitatu tu, haraka ya kushangaza, akaja katibu wa kamati, Fortunatus, kwa pikipiki, na chupa ya maji ya dukani mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu kiti."

Fortunatus aliinua glasi ya maji ya kisima juani, akafumba jicho moja kama mnunuzi wa dhahabu. "Meupe pe! Shida iko wapi, mama?"

"Iko kwenye chai. Hebu nigawie maji ya chupa yako kidogo."

Akapika chai sufuria mbili, akaweka vikombe viwili mbele ya mgeni. Kimoja chekundu, kimoja cheusi.

"Chagua, baba."

Fortunatus akachukua chekundu bila kusita.

"Kumbe macho mazima!"

"Hayo meusi ni majani tu, mama. Wananchi wachemshe maji."

"Baba, hiyo ni chai. Imeshachemka."

Agatha, aliyekuwa akivuta kamba kisimani, alicheka hadi ndoo ikamtoka. Kisha akachungulia dumu alilokuwa amekwisha kulijaza, akalimwaga.

Fortunatus aliandika daftarini, kwa mwandiko mzuri: "Maji ni meupe. Wananchi wameelimishwa." Akaahidi kwamba sampuli itapelekwa maabara utaratibu ukikamilika, akawasha pikipiki. Kikombe cheusi kikabaki mezani, hakijaguswa.

Bi Mwanakheri alikitazama. Katibu wa usafi hakuthubutu kuonja kile ambacho yeye alikuwa akiwapa mapacha wa Agatha kwa jina la marehemu. Alasiri hiyo akafungua kamba, akafunika kisima kwa bati, akatia kufuli.

"Watasema umekuwa mchoyo, bi mkubwa," Agatha alisema, dumu tupu mkononi.

"Waseme. Mzee alitoa maji, hakutoa sumu hii."

Akakichukua kile kikombe, akakitua juu ya bati, kikiwa kimejaa. Atakayekuja kumwita mchoyo, anywe kwanza.