Wapishi Waliotoka Loji

Harufu ya nta ya sakafu ikichanganyika na ya sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, hunirudisha papo hapo kwenye ukumbi wa loji kule Bladensburg, siku tuliyomwomboleza bibi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, umri wa kuona aibu kwa kila kitu.

Tulikuwa tumetoka Bukavu, Kongo, tukakaa Langley Park, Marekani, watu saba vyumba viwili. Bibi alipofariki, msimamizi wa majengo alikataa katakata: hakuna kukusanyika, hakuna kuimba. Kanisa letu lenyewe lilikuwa la kupanga, kwa muda wa saa mbili tu kila Jumapili. Mama alifuta machozi kwa kitenge akasema, "Mama yangu hatazikwa sawa na mutu hana batu." Akaanza kubisha hodi kila mahali. Siku mbili nzima alikataliwa, na kila akirudi alikunywa maji, akavaa viatu tena, akatoka.

Aliyemwitikia ni Mzee Raymond, dereva wa basi letu la shule, Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili vitabuni. Kila asubuhi alinisalimu, "Hujambo, binti?" nami nikamjibu, "I'm good." Alikuwa mwanachama wa loji, chama cha udugu cha watu weusi, na ukumbi ulikuwa wao. Akampa Mama ufunguo.

Siku ya msiba wenzake sita walitoka kwenye sherehe yao wakaja naye moja kwa moja kutupa pole: suti nyeusi, glavu nyeupe, na aproni nyeupe viunoni. Mama Zawadi, aliyesimamia jiko la msiba na asiyecheka na mtu, alizitazama zile aproni akashusha pumzi.

"Kumbe bapishi njo hawa! Mumechelewa. Mukuje, bugali inangoja!"

Nilitamani ardhi inimeze. Mzee Raymond alikwisha kuniambia kwamba aproni ile ni vazi la heshima la loji, haiguswi hata na mkewe. Nikafungua mdomo nieleze, akanizuia kwa jicho.

"Ndiyo, Mama," akasema.

Wakavua glavu, wakakunja aproni polepole na kuzirudisha mikobani, wakapandisha mikono ya mashati. Walisonga bugali mpaka jasho likawatiririka, Mama Zawadi akiwakemea kwa kila bonge. Watu wakala, wakaimba, wakamlilia bibi kwa sauti waliyoitaka.

Mwaka jana nilimtembelea Mzee Raymond, sasa amestaafu. Nikamwomba radhi kwa yale ya jikoni. Alicheka sana.

"Binti, babu zetu walianzisha loji kwa sababu walikataliwa hata mahali pa kuzikana. Unafikiri siku ile tulikuja kufanya nini?"

Siku ya msiba mimi sikudondosha chozi; aibu ilinishughulisha mno. Bibi nilimlilia pale, kwenye kochi la Mzee Raymond, nikiwa mtu mzima, watoto wangu wawili niliokuja nao wakinishangaa.